Kitufe cha Mzee Quek

"Aliizima yeye. Sasa mnatafuta nini tena humu ndani?"

Irene Phua aliyatamka hayo kabla Inspekta Kamsiah hajamaliza kuvua viatu mlangoni. Hakusema karibu, wala hakuuliza kama watu watakunywa maji. Alikuwa amevaa blauzi nyeusi ya msiba, na ukutani nyuma yake zilibaki alama za gundi mahali mapambo mekundu ya Mwaka Mpya wa Kichina yalipobanduliwa kwa haraka. Sherehe zilikuwa zimeingia siku ya pili tu pale Mzee Quek Siong Huat, baba mkwe wake, alipoanguka chumbani mwake akavuja damu kichwani hadi akafa. Alikuwa na miaka themanini na moja. Jana ndipo walipomaliza maziko.

"Natafuta aliizimaje," Kamsiah alijibu, akaviweka viatu vyake sambamba na vya wenye nyumba. "Huyu ni Siva. Mnamjua."

Walimjua sana. Sivanesan ndiye fundi aliyewafungia mashine, bwana wa makamo mwenye kitambi na mkoba wa vifaa uliochanika mshipi. Alisalimia, na salamu yake ikaanguka sakafuni bila mtu wa kuiokota.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Quek alivaa shingoni kitufe cha dharura. Akikibonyeza, kitufe kinatuma mawimbi ya redio kwa kisanduku kinachoendesha taa, feni na kengele za nyumba nzima, na kisanduku kinapiga king'ora kwenye simu mbili: ya mwanawe Boon Kiat, mume wa Irene, na ya Suyatmi, mfanyakazi wa ndani kutoka Wonosobo, ng'ambo. Wiki tatu kabla ya Mwaka Mpya kisanduku cha zamani kiliondolewa, kikaletwa kipya chenye nguvu zaidi. Siku mzee alipoanguka, simu hazikulia. Boon Kiat na mkewe walikuwa wamekwenda kutembelea ndugu na machungwa mkononi, zawadi ya Mwaka Mpya. Suyatmi alibaki peke yake na mzee, na alimkuta saa kumi na moja na robo jioni, hana pumzi.

"Nilikuwa chumbani kwangu," ndivyo alivyosema kituoni, na kwamba mashine hakuigusa, basi.

Chumbani kwake ndiko kisanduku kilikowekwa. Basi watu wakamalizia wenyewe. Kesho saa tatu asubuhi alitakiwa kusimama mahakamani kwa kosa la uzembe uliosababisha kifo, na baada ya hapo ni jela, kisha ndege ya kurudi kwao akiwa na jina la muuaji. Kamsiah alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hii. Alijua kesi za wafanyakazi wa ndani zinavyokwenda: tajiri anasema, mfanyakazi analia, polisi anaandika. Yeye mwenyewe alishaandika nyingi za namna hiyo, na usiku alilala vizuri tu.

"Alikuwa anachomoa waya apate pa kuchajia simu," Irene aliendelea. "Kila nikitoka. Nimewapa karatasi. Saa zote zimo."

"Nimeisoma, Bi Irene."

"Sasa?"

"Sasa nataka kuiona mashine."

Boon Kiat aliinuka mezani. Alikuwa na kipande cha kitambaa cha msiba kimebanwa kwa pini kwenye mkono wa shati, na macho yamemvimba. Lakini alipofungua mdomo, maneno yaliyotoka hayakumhusu baba yake. "Mashine haina tatizo, Inspekta. Nimeichagua mwenyewe. Nimesoma miezi mitatu kabla ya kuinunua. Ile ya zamani ilikuwa inachoka, ukiwasha taa unasubiri mpaka unasahau ulitaka nini. Hii ni kali kama kisu."

Loo! Baba kafa, mwana anatetea kisanduku. Kamsiah alimpita.

Kila nyumba katika maghorofa yale ya mtaa wa Punggol ina chumba cha bomu. Serikali imeagiza hivyo: kuta za zege nene, mlango wa chuma mzito, dirisha hakuna. Vita haijaja, kwa hiyo watu huweka humo mchele, baiskeli, masanduku ya safari, na mfanyakazi. Godoro la Suyatmi lilikuwa limesimamishwa ukutani. Juu ya rafu, kati ya pakiti za tambi na sufuria ambayo haijawahi kutumika, kisanduku kilikaa kikipepesa taa zake nyekundu mbili.

"Kwa nini huku?" Kamsiah aliuliza.

"Kilikuwa sebuleni, chini ya televisheni," alisema Siva. "Nilipoleta kipya, madam akasema kiingie huku."

"Bwana anayetupangia bahati ya nyumba ndiye aliyesema," Irene alidakia. "Taa nyekundu zinazopepesa kwenye kona ile zinafukuza heri. Mwaka Mpya ulikuwa unakuja. Ningefanyaje?"

Heri ilifukuzwa hata hivyo, Kamsiah aliwaza, lakini alijifunza zamani kuyameza ya namna hiyo. "Haya, Siva. Anza mwanzo. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Siva alichuchumaa, akafungua mkoba. Alikuwa na namna ya kushika vitu taratibu, kama muuguzi. "Kak," alisema, akimwita dada kwa lugha ya huko, "mashine ina sehemu mbili. Kisanduku ni ubongo. Sikio lake ni hiki kijiti hapa, redio. Vitu vyote vya nyumba vinazungumza na kijiti, kijiti kinaupelekea ubongo. Sasa, kosa la kwanza la kila anayebadilisha mashine ni kukichomeka kijiti moja kwa moja kwenye kisanduku. Kisanduku kipya kina kelele, kelele za umeme, zinaliziba sikio. Hakisikii."

"Nawe ulilifanya kosa hilo?"

"Nililifanya. Siku ya kwanza, nusu ya taa zikagoma. Nikaweka waya huu wa kurefusha, nusu mita, kijiti kikae mbali. Taa zote zikarudi." Aliufuata waya kwa kidole kutoka mwisho hadi mwisho. "Upo. Haujaguswa."

"La pili?"

"Betri ya kitufe."

Kamsiah alitoa mfuko wa ushahidi. Kitufe kilikuwa kidogo, cheupe, na uzi wake ulikuwa umeunganishwa kwa fundo mahali ulipowahi kukatika. Siva alikipima. "Asilimia tisini na mbili. Kizima kabisa."

"La tatu ni msichana," alisema Irene kutoka mlangoni.

"La tatu tunaiuliza mashine," alisema Siva. Alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaunganisha, akapiga vitufe, akasubiri. Kisha akasogea karibu na kioo kama haamini. "Kak. Imekuwa macho siku ishirini na sita. Mfululizo."

"Maana yake nini?"

"Tangu nilipoiwasha mimi. Ukichomoa waya hata sekunde moja, inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Haijazimwa. Hakuna mtu aliyeizima."

Irene alisogea hatua moja ndani. "Basi alichomoa hicho kijiti."

"Ingeandika kijiti hakipo, madam. Hapa imeandika kijiti kipo, kinafanya kazi, ila hakisikii mtu. Si kitufe peke yake. Taa, feni, kengele ya mlango, vyote vinapotea kwa pamoja, baada ya dakika kumi, kumi na tano, vinarudi kwa pamoja. Kama mtu ameziba masikio halafu akazibua." Alijikuna kidevu. "Labda jirani ana jiko la umeme bovu. Yanatoa mawimbi mabaya sana, yale."

"Tunaweza kujua?"

"Chini na juu, twende tukaulize."

Wakaenda. Juu aliishi bibi kizee aliyepikia gesi na aliyetaka kujua kama ni kweli mzee alikufa macho wazi. Chini palikuwa na mume na mke waliosafiri tangu kabla ya Mwaka Mpya, na mlinzi wa jengo alithibitisha. Nusu saa ikapotea hivyo. Waliporudi, Irene alikuwa amekaa na miguu imekunjwa, uso umepata raha tena.

"Bi Irene," Kamsiah alisema, "ile karatasi yako ina saa za mchana na alasiri tu. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndizo saa ninazokuwa nje. Ndiyo maana yake. Paka akitoka—"

"Umezitoa wapi hizo saa?"

"Kwenye simu ya Boon Kiat."

Kamsiah aligeuka taratibu. Boon Kiat alikuwa anachezea pini ya kitambaa chake cha msiba.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inakuarifu, Bwana Quek."

"Inatuma taarifa. Kila kitu kikipotea."

"Ilikutumia taarifa kwamba kitufe cha baba yako hakisikiki?"

"Mara nyingi mno! Nipo kwenye mkutano, simu inalia: kitufe hakisikiki. Baada ya dakika kumi: kitufe kinasikika. Mara tano kwa siku. Nikajua ni mambo ya mashine mpya, itatulia yenyewe." Sauti ilimpungua. "Nikazima sauti ya taarifa. Wiki ya kwanza."

"Ukamwambia Siva?"

"Nilikuwa nimekusudia."

Siva aliinamisha kichwa. Alikuwa fundi mzuri, na mtu mzuri anaona haya hata kwa kosa la mwenzake.

"Mara tano kwa siku," Kamsiah alirudia. "Siva, nipe orodha yote. Si mchana tu. Usiku na mchana, tangu siku ya kwanza."

Alikaa nayo mezani na penseli. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Saa saba na nusu mchana. Saa kumi na dakika arobaini na tatu. Saa moja na dakika ishirini na tano jioni. Saa tatu kasoro robo usiku. Kesho yake hivyo hivyo, dakika moja mbele, dakika mbili nyuma. Penseli yake ilikwenda ikipungua mwendo.

"Anaongea na mwanamume," Irene alisema. "Wote wana mwanamume."

"Siva," Kamsiah aliuliza bila kuinua uso, "kuna siku zozote ambazo hakuna kimya kabisa?"

"Zipo. Subiri... Mbili za mwanzo, na baadaye siku saba. Zimefuatana. Halafu kimya kinarudi vile vile."

Kamsiah aliiweka penseli chini. Mara tano kila siku, kisha siku saba za mapumziko, kisha mara tano tena: mwanamke yeyote wa dini yake angeisoma karatasi ile kwa kuitupia jicho. Na yeye, mwanamke wa dini hiyo hiyo, alikaa na Suyatmi saa mbili nzima kituoni. Alimuuliza habari ya chaja mara sita. Alimuuliza habari ya mwanamume. Hakumuuliza hata mara moja, ulikuwa unafanya nini humo chumbani? Alijiona mjinga, na zaidi ya mjinga.

Alirudi kwenye chumba cha bomu peke yake. Nyuma ya gunia la mchele, mahali ambapo mgeni hawezi kuona, palikuwa na mswala umekunjwa vizuri, na juu yake mukena, vazi jeupe la kuswalia, lenye kiraka begani. Alivigusa, akaviacha. Kisha akaushika mlango wa chuma kwa mikono miwili, akauvuta hadi ukajifunga.

Kelele za nyumba zilikatika. Hakumsikia Irene, na kutomsikia Irene kulihitaji ukuta wa haja. Waya mwembamba wa intaneti, bapa kama utepe, ulipita kwenye kona ya chini ya mlango na kuendelea na kazi yake; taa za kisanduku zilipepesa kama kawaida. Kamsiah alitoa simu yake ampigie Siva. Hapakuwa na mtandao hata kidogo.

Alifungua mlango. "Siva. Chukua kitufe, nenda chumbani kwa mzee, usimame pale alipoangukia. Bwana Quek, simu yako, na uiwashe sauti. Siva, bonyeza."

King'ora kililia sebuleni hadi Boon Kiat akaruka.

"Subiri nifunge mlango, kisha ubonyeze tena. Bonyeza mara tatu."

Alijifungia ndani, akahesabu hadi sitini, akatoka. Boon Kiat alikuwa amesimama na simu kiganjani, akiitazama.

"Haikulia," alisema.

Siva alitoka chumbani kwa mzee, uso umempauka. "Zege ile na chuma. Kak, nilijaribu kila kitu siku ile, kitufe nilikijaribu chooni, jikoni, kitandani. Mlango ulikuwa wazi. Sikuwaza kuufunga. Nani anafunga mlango wa chumba cha bomu? Nimefanya kazi nyumba mia nne, sijawahi kuuona umefungwa."

"Huyu alikuwa anaufunga. Mara tano kwa siku, akiswali."

"Na kuna kitu kingine," alisema Siva, na ilionekana angependa kisiwepo. "Kitufe kinahesabu kila kikibonyezwa, na kinaipa mashine hesabu kikisikika tena. Asubuhi ile saa mbili mashine iliandika thelathini na moja. Leo, kabla sijakigusa, arobaini."

"Asubuhi alikuwa anamjaribisha," Boon Kiat alisema. "Suyatmi. Kila siku saa mbili, baba anabonyeza mara moja, simu zinalia, wanacheka wote wawili. Alianzisha mwenyewe, hakuambiwa na mtu."

"Kwa hiyo baada ya hapo alibonyeza mara tisa," Kamsiah alisema, "na hata moja haikufika. Mchana saa nane alikuwa mzima, alikula chakula, wewe mwenyewe ulizungumza naye kwa simu. Baada ya hapo kimya ni kimoja tu. Kutoka saa kumi na dakika arobaini na tatu hadi saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Dakika kumi na nne."

Boon Kiat alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, akaegemea kabati la televisheni. Daktari alishasema kwamba mzee alikuwa anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda, na kwamba robo saa ya mwanzo ndiyo iliyoweza kumwokoa.

Aliyesema wa kwanza ni Irene. "Sawa. Basi ni yeye aliyefunga mlango."

"Unasemaje?"

"Si ndivyo ulivyothibitisha? Hakuizima, sawa, nimekosea. Lakini alifunga mlango, mzee akafa. Ni yale yale. Angeuacha wazi, tungekuwa na mtu hai."

Kamsiah alifungua simu yake kwenye picha alizopiga kituoni, za jumbe zilizokuwa kwenye simu ya Suyatmi. Alizisoma jana zote kwa haraka, mayai, sabuni, dawa za mzee, na huu aliuruka kwa sababu haukutaja mashine. Aliuweka mbele ya Irene.

"Nisomee."

"Sijavaa miwani."

"Nitakusomea mimi. Tarehe kumi na tisa, siku mbili baada ya mashine kuhamia humu. 'Ukitaka kuswali, swali, lakini funga ule mlango. Sitaki wageni waone. Nikikuta uko wazi tena, utarudi kwenu.'"

Irene aliruka futi mia. "Hiyo ilikuwa habari ya wageni! Mwaka Mpya watu wanaingia na kutoka, mtu kajifunika shuka jeupe, wazee wanashtuka, nyeupe ni ya msiba kwetu! Ningejuaje mambo ya redio? Mimi ni fundi?"

"Hapana."

"Basi!"

"Na yeye je, ni fundi?"

"Ahaa." Irene alivuta pumzi, akautazama mtandio wa Kamsiah kutoka juu hadi chini. "Nimeelewa sasa. Dini moja. Mnalindana."

Ilimuuma Kamsiah, na alijua ilikusudiwa kumuuma. Alikunja orodha mara mbili, akaitia mfukoni. "Ujumbe huu unaingia kwenye faili. Na taarifa zilizozimwa sauti zinaingia kwenye faili. Mwendesha mashtaka ataamua."

"Ataamua nini?" Irene alicheka kwa pua. "Kwamba nilimwambia mtu afunge mlango ndani ya nyumba yangu?"

Hapo alikuwa na haki, na Kamsiah alilijua hilo. Hakuna sheria inayomfunga mtu kwa ujumbe wa maneno yasiyofika ishirini. Mwendesha mashtaka angesoma, angesema bahati mbaya, angefunga faili kabla ya chakula cha mchana.

Boon Kiat aliwafuata hadi kwenye lifti, miguu mitupu. "Inspekta. Lile la taarifa. La simu yangu. Lazima liandikwe? Dada zangu watasoma."

"Lazima."

"Nilikuwa nampenda baba yangu."

"Sijasema hukumpenda," Kamsiah alisema, na lifti ikafunga.

Suyatmi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa nane mchana. Alikuwa na miaka thelathini na nne, mwembamba, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Kamsiah aliweka karatasi mezani.

"Suyatmi, hakuna aliyeizima ile mashine. Imethibitishwa. Mashtaka yanaondolewa, unatoka leo."

Uso wa yule mama ulifunguka wote. Alijifunika mdomo kwa viganja. "Alhamdulillahi. Nilisema, Bu. Niliwaambia sijaigusa, niliwaambia hata vumbi lake nilikuwa naogopa kulipangusa." Alifuta macho kwa mkono wa blauzi, akacheka kidogo kwa aibu. "Sasa ilikuwa na nini? Mbona hakuniita, Ah Kong?"

Ndivyo alivyomwita mzee, babu, kama wajukuu; na Bu, mama, ndivyo alivyomwita Kamsiah. Kamsiah alikuwa amekuja na jibu aliloliandaa garini, kwamba mashine mpya zina matatizo yake, na jibu hilo lingetosha kwa siku moja. Lakini sheria inataka maelezo yasomwe mbele ya anayehusika kabla hajasaini, na hata bila sheria, huyu mtu alishasomewa uongo wa kutosha. Basi akasoma. Alisoma polepole, habari ya zege, ya chuma, ya redio isiyosikia mlango ukifungwa. Alisoma jina la Irene na ujumbe wake neno kwa neno. Alisoma jina la Boon Kiat. Alipofika kwenye saa kumi na dakika arobaini na tatu, Suyatmi aliinua kichwa.

"Hiyo ni alasiri."

"Ndiyo."

"Nilikuwa naswali alasiri."

"Ndiyo, Suyatmi."

"Alikuwa ananiita?"

Kamsiah alitazama karatasi. Ilikuwa imeandikwa, na ilimbidi aisome. "Alibonyeza mara tisa."

Hakulia. Midomo yake ilicheza, na Kamsiah akafahamu kwamba anahesabu: rakaa, sijda, kisha dua ndefu ya baada ya swala. Kisha aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja hadi ikarudi upande wa Kamsiah.

"Sisaini hii."

"Hii ndiyo inayokutoa."

"Andika niliizima, Bu. Andika nilichomoa nichaji simu, kama alivyosema Bibi. Nitasaini hiyo."

"Ala! Unajua unachosema? Hiyo ni jela."

"Miaka mingapi?"

"Haijalishi mingapi! Hukufanya hivyo!"

"Jela inaisha," Suyatmi alisema. "Mtu akiulizwa nyumbani, atasema Suyatmi alikuwa mjinga, alichomoa waya, kafungwa, karudi. Mama yangu ataweza kuyasema hayo kwa watu. Hii yako ataisemaje? Kwamba mzee alikuwa anakufa ukuta wa pili, ananiita, nami nimepiga magoti namwomba Mungu ampe afya?" Sauti ilianza kumkatika. "Nitasimamaje tena kuswali, Bu? Niambie wewe unayeswali. Nitaanza vipi?"

"Aliyekuamuru kufunga ni Irene. Amekiri. Nimeandika."

"Mkono ni wangu."

Kamsiah alikuwa na maneno ya kikazi, na alikuwa na maneno ya dini ambayo angemwambia mtu yeyote mwingine, na yote aliyaona hayafai. Alimsogelea, akamshika bega. Suyatmi akalitoa bega lake kwa adabu.

"Andika, Bu, nakuomba. Mlikuwa mmeshakubali wote. Nani atajua?"

"Siwezi."

"Jana mliweza."

Kamsiah alirudi kwenye kiti chake, akachukua kalamu, na kwenye mstari wa sahihi akaandika kwamba anayehusika amekataa kusaini. Akaweka tarehe na saa. Kisha akafungua mlango, akawaambia askari mama huyu yuko huru, apewe vitu vyake.

Suyatmi aliushika mguu wa meza kwa mikono miwili. Ikabidi waje askari wawili kumbandua, na wakamtoa nje akiwaomba wamrudishe ndani.